Klipu za Omdurman kwenye simu ya Nakuru

Swali la msomaji: "Mwalimu, habari za Kisumu? Sisi ni vijana wanne wa Nakuru. Tulianza kuigiza na kurekodi shuleni, kwenye tamasha la kitaifa la drama na filamu, na tangu tumalize kidato cha nne tunaendelea kwa simu zetu. Mmoja wetu ni Msudani. Alikuja hapa na mamake baada ya vita kuanza. Binamu yake aliyebaki Omdurman, mji pacha wa Khartoum, humtumia klipu kwa WhatsApp: moshi, foleni ya maji, moja ya shangazi yao akipika chai huku mizinga ikilia mbali, na nyingine ambazo hatuwezi kuzitazama mara mbili. Tunataka kutengeneza filamu fupi ya vita hivyo. Vijana walio vitani wenyewe huwa wanafanyaje? Na sisi tulio mbali tuna haki ya kuitengeneza? Tuna simu mbili na laptopu moja iliyochoka."

Kisumu kuzuri, ndugu yangu, ila mvua haitupi nafasi. Acha nianze na hilo la haki, kwa maana ndilo litakaloamua mengine yote, hadi pa kuweka kamera.

Haki mnayo, lakini si ya filamu mnayoiwazia. Nikisoma barua yako nakuona umeshazipanga zile klipu kwenye laptopu: moshi kwanza, barabara tupu, kisha maiti, na juu yake sauti nzito inaeleza kwamba vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi la Sudan la Jenerali Burhan na RSF, kikosi chenye silaha cha Hemedti. Hiyo runinga zote zimeshaifanya, tena kwa waandishi waliokuwa pale. Mlicho nacho ambacho runinga hazina ni chumba kimoja cha Nakuru ambamo simu inaingia ujumbe na watu wanaacha kula. Filamu yenu ni ya chumba hicho. Omdurman itaonekana, ndiyo, lakini itaonekana ikiwa mkononi mwa mtu, kwenye kioo cha simu kilichopasuka pembeni, taa ya stima ikiakisi juu yake. Mkikubali hapo, mengi yanayowatia hofu yataondoka yenyewe.

Wale walio vitani hufanyaje? Hufanya fupi, na si kwa sababu ya mtindo. Betri ikiwa na asilimia 30 na hujui stima itarudi lini, unarekodi kile unachoweza kukimaliza. Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ulipozingirwa vitani kati ya 1992 na 1996, kundi la SaGA lililoongozwa na Ademir Kenović liliendelea kupiga filamu humo humo ndani ya mji. Kazi yao moja ninaipenda kuliko filamu nyingi ndefu: walichagua mtaa mmoja tu, wakawa wanatoa vipande vya dakika 2 kuhusu watu wa mtaa huo, na BBC ikawa inavionyesha usiku, 1993 kuingia 1994. Jirani anatafuta kuni. Mwingine anabeba maji. Usiku unaofuata unarudi mtaani na unawajua watu. Hakuna jenerali, hakuna ramani.

Gaza nako, Rashid Masharawi, mwongozaji aliyezaliwa huko, alianzisha mradi wa From Ground Zero baada ya vita kuanza Oktoba 2023. Filamu fupi 22, nyingi za dakika 3 hadi 6, zikaunganishwa zikatoka 2024 na kuingia kwenye orodha ya filamu 15 zilizowania nafasi ya Oscar ya filamu ya kimataifa. Humo kuna maigizo, kuna vibonzo vilivyotengenezwa na watoto, kuna mtu anayejirekodi tu. Iko moja ya mwanamume na mkokoteni wake wa punda unaobeba abiria. Katikati ya safari filamu inakatika. Mwongozaji mwenyewe anatokea mbele ya kamera na kueleza kwamba kaka yake ameuawa pamoja na watoto wake, na hakuweza kuendelea. Akaeleza hata mwisho aliokuwa amepanga kuupiga. Wangeweza kuitoa filamu ile kwenye orodha kwa kuwa haikuisha. Waliiacha hivyo hivyo, na sidhani kuna mwisho wa kutunga ungefika pale.

Mfano ulio karibu nanyi zaidi ni filamu iitwayo Khartoum, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, Januari 2025. Waongozaji wanne wa Kisudani pamoja na Mwingereza Phil Cox walianza 2022 kwa simu za iPhone, wakiwafuata wakazi watano wa jiji: mtumishi wa serikali, mama muuza chai, kijana wa kamati za upinzani za mitaa, na watoto wawili waokota chupa. Vita vikalipuka kazi haijaisha. Waongozaji wakakimbia, wale watano nao wakatolewa, na filamu ikaendelea hapa kwetu Kenya mbele ya kitambaa cha kijani: kila mmoja akaigiza yaliyompata mwenyewe, na jiji likawekwa nyuma yake kwa kompyuta. Hawakujaribu kumdanganya mtazamaji kwamba kamera ilikuwepo risasi zilipopigwa. Unaona kabisa kwamba ni watu wako chumbani, nchi nyingine, wanakumbuka. Mama wa mwenzenu yuko chumba gani sasa, kama si hicho hicho?

Sasa tuje kwa binamu. Huyu ndiye mtu wa kwanza wa filamu yenu hata asipoonekana hata mara moja, na kumlinda ni kazi inayotangulia kamera.

Jambo la kwanza ninalowaomba kwa mkazo: msimwagize picha. Akituma, mmepokea. Siku mtakayoandika "tupatie moshi mwingine, ule wa jana ulitikisika," mtakuwa mmemtoa mtu nyumbani kwenda barabarani kwa ajili ya filamu ya dakika 6. Hata kumwambia ashike simu kwa ulalo ni agizo. Atasimama sekunde kumi zaidi dirishani ili picha ikae vizuri. Chukueni zilivyo, wima na zenye kutikisika.

La pili ni kwamba usalama wa leo si wa kesho. RSF walishika sehemu kubwa ya Khartoum tangu 2023, kisha jeshi likaurudisha mji Machi 2025, na baada ya hapo Umoja wa Mataifa ukaripoti mauaji ya watu waliotuhumiwa kushirikiana na RSF. Fikirieni maana yake kwa klipu moja. Jirani aliyeonekana nyuma akisalimiana na mwenye bunduki, pengine ili tu apite akachote maji, leo ni picha ya kawaida; mji ukibadilisha mwenyewe, ni ushahidi dhidi yake. Kwa hiyo ruhusa ya binamu haiombwi mara moja ikafungwa kwenye faili. Mwombeni kabla ya kuhariri, mwombeni tena kabla ya kuonyesha, na akisema toa ile, inatoka bila mjadala, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Nazo simu hukaguliwa kwenye vizuizi, basi mshaurini afute klipu na mazungumzo yenu mkishathibitisha mmepokea, au muwashe ule mpangilio wa ujumbe kujifuta wenyewe.

Kuna mvutano wa kiufundi hapa mnaopaswa kuujua. Video ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, ubora unashuka. Ikitumwa kama waraka, kwa kile kitufe cha kuambatisha faili, inafika ilivyo, hadi GB 2, ila inafika pia na taarifa zilizofichwa ndani yake: saa, aina ya simu, na pengine mahali hasa iliporekodiwa, kama kamera iliruhusiwa kusoma mahali. Kwenu wahariri hiyo ni zawadi. Kwa binamu ni anwani ya nyumba yao. Azime kwanza ruhusa ya kamera kusoma mahali, ndipo atume kama waraka. Mtandao ukiwa dhaifu aikate vipande. Mstyslav Chernov wa shirika la habari la AP alipokuwa Mariupol, Ukraine, Machi 2022 aliigawa video moja sehemu tatu akaituma kwa simu tatu kwa pamoja, na bado ilichukua saa nyingi.

Zikifika, nakala asili iwekwe kwenye flashi iliyofungwa kwa nywila, na nyingine kwa mtu mnayemwamini anayeishi nyumba tofauti. Mhariri afanye kazi na nakala, kamwe si na ile ya asili.

Na msidhani kuziba uso kunatosha. Mtu wa mtaa ule atalijua geti kwa rangi yake, ataujua mnara wa msikiti unaotokeza juu ya paa, ataijua sauti. Kuibadilisha sauti iwe nzito au nyembamba pia si kinga, mwenye programu nzuri anaweza kuirudisha. Njia safi ni maneno ya binamu yasomwe na mwenzenu, kwa Kiarabu chake, akiwa hapo hapo Nakuru, na maandishi kwenye kioo yaseme wazi kwamba anayesoma si aliyeandika. Tena mtapata kitu kizuri kuliko sauti halisi: mtu akisoma maneno ya ndugu yake hawezi kuyasoma kama mtangazaji.

Kabla ya kuchagua klipu yoyote ulizeni swali ambalo vijana wengi huliruka: umeirekodi mwenyewe au umetumiwa? Vitani watu husambaziana video kama sisi tunavyosambaziana za mafuriko, na nyingine ni za nchi nyingine, za miaka mingine. Kuna hata vipande vya mchezo wa kompyuta wa Arma 3 vilivyozungushwa duniani kama vita halisi hadi wenye mchezo wakatoa taarifa. Toeni picha moja iliyoganda kutoka kwenye video, itafuteni kwa Google Lens au TinEye, zinazoonyesha picha ile imewahi kutokea wapi mtandaoni. Isipopatikana popote bado muulizeni: ulikuwa umesimama wapi?

Mimi ningechagua ile ya shangazi na chai. Umeitaja nusu sentensi tu, katikati ya moshi na foleni, na hapo ndipo filamu ilipo. Sijaiona, lakini najua mnachopaswa kukitafuta ndani yake: mkono wake. Mzinga ukilia, mkono unaotia sukari unasimama au unaendelea? Ukiendelea, mtazamaji ameshaelewa ni miezi mingapi mama huyu ameishi na mlio ule, wala hamhitaji kumwambia. Iacheni ile klipu nzima. Msikate kwenda kwenye moshi ili "kuonyesha" kilicholia. Kisichoonekana ndicho kinachomfanya mtu wa Nakuru asogee mbele kwenye kiti. Msiongeze mlipuko wa kununua mtandaoni juu ya ule wa mbali. Msiweke kinanda cha huzuni. Na akili bandia msiiguse kwa picha za Sudan, hata moja. Mkiweka mtaa mmoja wa kutunga, kila klipu ya kweli ya binamu itatiliwa shaka, na mtakaosababisha ni nyinyi.

Zile msizoweza kuzitazama mara mbili ziacheni. Kundi la Abounaddara la Syria, ambalo kuanzia 2011 lilitoa filamu fupi kila Ijumaa bila wanachama kujitaja, lilishikilia kwamba mtu ana haki juu ya picha yake hata akiwa amekufa au ameumia. Nakubaliana nao kabisa. Maiti ana watu wake, na wengine wako Nairobi, Kampala, Cairo, wanashika simu kama nyinyi.

Upande wenu wa Nakuru kuna mchezo wa kutosha bila kutunga mengi. Februari 2024 mtandao ulikatika karibu Sudan nzima. Mtu aliye Nakuru aliionaje siku hizo? Aliona tiki moja ya kijivu: ujumbe umetoka, haujafika. Unatuma "mko salama?" tiki moja. Kesho yake unatuma tena, tiki moja. Maisha yanaendelea, mwenye nyumba anataka kodi, matatu za mjini zinapiga honi, na mama anaichaji simu iliyojaa chaji. Filamu ya dakika 6 inaweza kusimama juu ya tiki ile: inapokuwa moja, zinapokuwa mbili, na kile kinachofanywa na watu wa chumbani kati ya hizo mbili.

Tena msisahau mji wenu wenyewe. Mwishoni mwa Januari 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, watu wa Nakuru waliokimbia nyumba zao walilala uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo; nchini kote Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Katika ploti ya kawaida huko Kaptembwo au Free Area hamtakosa mama aliyepitia hayo. Msimweke mbele ya kamera asimulie, hilo ni jambo zito la kufanywa na watu waliofunzwa, kwa muda, kwa kumtunza baadaye. Mwombeni tu aigize jirani anayeingia chumbani siku ya tiki moja. Atajua pa kukaa na asiseme nini.

Mambo ya mitambo nitayapitia haraka. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopandashuka kulingana na mwanga, ndiyo maana ukifika dakika ya tatu ya mahojiano mdomo na sauti vinaachana. Pitisheni kila klipu kwenye HandBrake, programu ya bure, mchague kasi isiyobadilika. Kwa kuwa za binamu karibu zote zitakuwa za fremu 30, nanyi rekodini kwa 30, ila shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100, la sivyo taa za chumbani zitamemeteka, kwa sababu stima yetu ni ya hezi 50. Klipu za wima msizijazie pembeni kwa picha ile ile iliyofifishwa kama wafanyavyo kwenye habari. Simu yenyewe ipigwe picha ikiwa mkononi, au muache weusi pembeni. Laptopu ikikwama kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, tengenezeni nakala nyepesi za kuhariria, mrudishe zile kubwa mwishoni. Sauti ya chumba irekodiwe kwa simu ya pili iliyo karibu na mdomo, chini ya leso ikibidi, na asubuhi mapema. Mvua ya Nakuru ya alasiri ikianza juu ya mabati mmemaliza kazi.

Maandishi ya tafsiri yawe mistari miwili, mifupi. Kiswahili kina maneno marefu, na mtazamaji akisoma sana hatauona ule mkono wa shangazi.

Kuhusu sheria: Sura ya 222 ya sheria za Kenya inataka leseni kwa filamu itakayoonyeshwa hadharani, na kabla ya kuonyeshwa ikaguliwe na kupangiwa umri na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Nendeni mkaulize mapema, mkiwa na muhtasari wa ukurasa mmoja, kabla hamjalipia chochote. Msielekeze kamera kambi ya Lanet wala kituo cha polisi kwa kutafuta "hali ya vita." Droni nayo ina ruhusa zake kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na kusema kweli hamna haja nayo, hakuna anayekaa chumbani akisubiri ujumbe akajiona kutoka angani.

Pesa ikipatikana, hata ya zawadi ndogo, binamu na shangazi wana fungu lao, mkubaliane sasa kabla haijapatikana. Majina yao kwenye orodha ya mwisho yaandikwe wanavyotaka wao, au yasiandikwe.

Mtazamaji wa kwanza awe mama wa mwenzenu, akiwa na mwanawe peke yao, nyinyi watatu mkiwa nje. Akisema kuna mahali hapafai, rudini kwenye laptopu. Baada yake binamu, kwa nakala nyepesi. Kisha nitumieni na mimi, ile iliyokwisha kuondolewa sura na mahali. Za asili zisitoke kwenye flashi. Nataka hasa kuona mmeikata wapi ile ya chai.